Mlango ulioko kilomita 3 chini unaufungaje bila kushuka

Hii ni hotuba niliyotoa jumamosi kwa wanafunzi wa mambo ya petroli. Wengi mliniomba niiandike basi nimekaa nikaiandika vile vile nilivyoisema, nimepunguza tu sehemu nilizokuwa najirudia.

Shikamooni walimu wangu. Vijana, hamjambo? Haya.

Kabla sijasema lolote kuna kitu nataka kipite mikononi mwenu, kianzie kwa dada hapo mbele alafu kizunguke mpaka safu ya mwisho kule. Ni kipande cha bomba, urefu wake kama rula ya shule. Unene wa nje milimita 6.35, karibu sawa na penseli, na tundu la ndani kama milimita 4 tu, mrija wa soda unalizidi. Jaribuni kulikunja muone kama linakubali. Hiyo ni aloi yenye nikeli nyingi maana huko linakoenda kuna chumvi, kuna joto, kuna gesi zinazokula chuma kama mchwa anavyokula fremu ya mlango.

Sasa kupitia kabomba kama hako mtu anakaa juu, kwenye jukwaa la baharini au kwenye kontena jangwani, anafunga mlango ulioko kilomita 3 chini ya miguu yake. Hateremshi waya, haiti rigi, yaani ule mtambo mkubwa wa kuchimbia, hampandishi mtu mnarani. Nimefanya kazi na milango hiyo miaka 16, mingi Ghuba na michache Bahari ya Kaskazini, na leo nitawaeleza inafanyaje kazi na kwa nini naipenda, alafu nitawaambia na kitu kimoja kinachonikera mpaka leo.

Watu wa nje wakisikia kisima cha mafuta wanachowaza ni kuchimba tu. Kuchimba ni wiki au miezi michache, kisima chenyewe kinaishi miaka 20, 30, na katika miaka hiyo kinaumwa kama binadamu, mara kinaleta maji badala ya mafuta, mara kinaziba, mara bomba linatoboka. Kila kikiumwa inabidi urudi. Sisi mafundi tunasema tu kuingia, utasikia mtu anakwambia kesho tunaingia kisima namba fulani, inatamkwa kirahisi kama mtu anaingia dukani. Lakini kuingia maana yake unafungua kitu kilichokuwa kimefungwa salama na presha iko ndani, unashusha vyuma humo, unaomba Mungu vitoke vyote ulivyoviingiza.

Mkitaka kujua kuingia kunaweza kufika wapi, someni habari ya Ekofisk, uwanja wa mafuta wa baharini upande wa Norway, jukwaa linaloitwa Bravo, tarehe 22 aprili 1977. Kisima B-14. Kilikuwa kinazalisha siku zote, hakuna aliyekuwa anachimba, walikuja kukikarabati, wanavuta bomba la uzalishaji litoke. Ule mti wa valvu wa juu tunaouita krismasi tri umeshatolewa, mtambo wa kuzuia mlipuko bado haujafungwa mahali pake, na kifaa cha kuzuia walichokuwa wamekishusha ndani hakikujifunga sawasawa kikaruka. Mafuta na gesi vikapanda mnarani, siku nane vinarukia hewani na kuanguka baharini, mpaka wataalamu waliotoka Texas wakafanikiwa kukifunga. Watu 112 waliokuwa pale walitoka wote wazima na mimi kila nikiikumbuka hiyo namba nasema alhamdulillah, sababu cheche moja tu ingetosha. Kisima hicho kisingeguswa wiki ile kingekuwa kinatoa mafuta kimya kimya kama jana yake.

Hiyo ni ya kwenye vitabu. Niliyoiona mwenyewe ni mkono wa mzee wangu.

Kambini kwetu jangwani, Oman, ukikaa mezani usiku unasikia Kiswahili kama uko Darajani Unguja, maana Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar waliohamia kule miaka ya sabini waliingia kwenye kazi za mafuta. Aliyenifundisha wayalaini alikuwa mmoja wao. Wayalaini ni kazi ya kushusha zana kisimani kwa waya mwembamba, ule wetu ulikuwa wa milimita 2.7, mita elfu kadhaa zimezungushwa kwenye ngoma, na chini kuna nyundo na funguo zake za kusukumia mlango wa chini ufunguke au ufunge. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu, viwili waya ulivichukua kwenye roda mwaka ambao mimi bado nilikuwa sekondari. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa ananishika bega ananisogeza pembeni, anasema mwanangu waya ukiwa unavutwa usikae mbele yake, kaa ubavuni. Alikuwa fundi hasa, na hata yeye ulimpata.

Kwa hiyo mtu akiniuliza hizi valvu za kuendesha kutoka juu, yaani ile milango yetu, zinaokoa nini, wahasibu wana jibu lao na ni la kweli, rigi ya kwenye maji marefu inakula laki kadhaa za dola kwa siku moja, ikikaa wiki tatu hesabuni wenyewe. Mimi nawaza vile vidole.

Haya turudi chini. Kwa nini mlango unahitajika kule chini, si tungefunga tu juu?

Fikirieni mtaa wenye bomba moja la maji linalopita mlimani mpaka bondeni. Nyumba za bondeni zikifungua, wa mlimani anakaa na ndoo tupu. Kisima kikipita kwenye matabaka matatu ya mwamba yenye mafuta inakuwa hivyo hivyo, tabaka lenye presha kubwa linajaza bomba, tabaka dhaifu linashindwa kusukuma, wakati mwingine la nguvu linamwaga mpaka ndani ya la dhaifu na mafuta yanazama kule unayaona kwenye karatasi tu. Alafu kuna maji. Chini ya mafuta mara nyingi kuna maji na juu yake mara nyingi kuna gesi, na vyote viwili ni vyepesi kutembea kwenye mwamba kuliko mafuta mazito, vinatafuta njia fupi, vikishaipata havitoki. Tabaka moja likishaanza kuleta maji linaharibu kisima kizima, unapandisha maji, unalipa kuyatenganisha, unalipa kuyatupa, na mafuta mazuri ya matabaka mengine mawili yamekaa foleni nyuma ya maji. Ukifunga juu umefunga vyote, mwenye hatia na asiye na hatia. Unachotaka ni kufunga tabaka moja.

Zamani, na visima vingi mpaka leo, ilikuwa inafanyika kwa mlango wa kusukuma. Kila tabaka linazibwa juu na chini na pakeri, yale mapete makubwa ya mpira yanayovimba na kubana ukuta wa kesingi, lile bomba pana la nje linaloshikilia kisima, na katikati yake kwenye bomba kunakuwa na shati la chuma linaloteleza, likiteleza juu matundu yanafunguka, likiteleza chini yanaziba. Kuliteleza ndio anashuka yule mzee na waya wake. Kwenye kisima kilichosimama wima inakwenda vizuri tu, waya unashuka kwa uzito wa zana. Lakini siku hizi tunachimba visima vinavyolala, vinapinda mpaka vinatembea mlalo ndani ya mwamba kilomita nzima au zaidi, na kisima kikishapinda kama digrii 65 hivi zana haishuki tena, imelala tu ukutani. Hapo inabidi ulete trekta dogo la umeme la kuivuta ndani, au ulete koiltyubingi, yaani bomba refu la chuma linalokunjwa kwenye roli kubwa na kusukumwa kisimani kwa mashine, na hiyo ni msafara wa malori, krini, pampu, watu kumi na kitu. Kama kisima kiko sakafuni mwa bahari unaleta meli au rigi, unasubiri hali ya hewa, bahari ya kaskazini wakati wa baridi unaweza kukaa siku nyingi unaangalia mawimbi tu huku mita ya hela inatembea.

Ndipo wakaja watu wakasema lile shati tulifungie pistoni, tuilete haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yenye presha, kutoka juu. Mfumo kamili wa kwanza ulishushwa agosti 1997 kwenye uwanja wa Snorre, Norway, enzi za kampuni iliyoitwa Saga Petroleum. Ulikuwa na umeme na haidroliki pamoja, na geji, yaani vipimo, za presha na joto zimekaa humo humo kila tabaka. Hilo la geji mlishike, nitalirudia.

Pistoni yenyewe haina maajabu. Ni kama jeki ya gari au jeki ya tingatinga, mafuta ya haidroliki yakiingia upande huu shati linakwenda kufungua, yakiingia upande ule linakwenda kufunga, na upande ambao hausukumi unarudisha mafuta yake juu. Kwa hiyo valvu moja inataka kabomba kawili. Mkiwa na valvu tatu mngesema sita, lakini mafundi wakaona ile ya kufunga inaweza kuwa ya pamoja, basi valvu tatu kabomba kanne. Baadaye wakaja na mpango wa kama namba ya siri, unaweka presha bomba la kwanza alafu la pili kwa mpangilio fulani na valvu yenye mpangilio huo tu ndio inaitika, hapo kabomba katatu kanaweza kuendesha valvu sita. Kila kabomba unakopunguza ni tundu moja la kupunguza kwenye pakeri, na kila tundu ni mahali pa kuvuja siku moja. Sasa hivi kuna zinazoenda kwa umeme mtupu, waya mmoja uliovikwa chuma unahudumia valvu zote, na naona huko ndiko tunakoelekea japo mikono yangu mimi imezoea mafuta.

Zingine zina hatua, zinafungua robo, nusu, robo tatu. Hii inasaidia sana sababu mara nyingi hutaki kulifunga tabaka kabisa, unataka kulibana tu lisiwaonee wenzake.

Mahali ambapo nimeona faida yake kwa macho ni kwenye matabaka membamba. Someni kuhusu uwanja wa Troll, Norway hiyo hiyo. Kuna gesi nyingi mno juu, maji chini, na katikati safu ya mafuta ambayo sehemu zingine ina unene wa mita 22 mpaka 26 na sehemu zingine mita 11 mpaka 13 tu. Yaani jengo la ghorofa nne, na ndani yake unapitisha kisima cha mlalo, juu ukigusa gesi umekwisha, chini ukigusa maji umekwisha. Visima vya mafuta vya Troll viko sakafuni mwa bahari, na vingine vina matawi. Tawi moja likipatwa na gesi unalibana kwa valvu matawi mengine yanaendelea, bila hivyo kisima chote kinageuka cha gesi. Saudia nao kule Haradh, kusini mwa uwanja wa Ghawar, mwaka 2006 walizindua awamu ya 3 ya mapipa 300,000 kwa siku kwa visima 32 vya uzalishaji, vya mlalo vyenye matawi, na valvu hizi zinaamua tawi lipi litoe kiasi gani. Na msidhani ni mambo ya Wazungu na Waarabu tu, hapo Nigeria uwanja wa Agbami ulioanza kutoa 2008, kwenye maji ya karibu mita 1,500, visima vyake vingi viliwekewa toka mwanzo.

Nimesema nitawaeleza na ubaya. Ubaya wa kwanza ni siku ya kuzishusha.

Bomba la uzalishaji linashuka kipande kwa kipande, kila kipande mita 12 au 9, na kale kabomba kanashuka kamelala ubavuni mwake, kwenye kila kiungo kinafungwa kibano cha chuma kukakinga. Kisima cha mita 3,000 ni vibano 250 na kitu. Mtu anafunga kibano, anafunga kibano, anafunga kibano, usiku kucha, na sakafuni kuna kabari kubwa za chuma zinazong'ata bomba lisianguke wakati kipande kingine kinaungwa. Usiku mmoja tuko mita 2,100, muda wote kabomba tunakashikilia kwenye presha ili kakijeruhiwa tujue, na mimi ndio niko kwenye geji. Sindano ilikuwa imekaa 5,000. Nikasikia kama kitu kimegonga, sio kwa nguvu, alafu sindano ikaanza kushuka taratibu kama mtu anayesinzia. Nikapiga kelele simamisha. Kabari zilikuwa zimekang'ata kabomba. Mwenzetu aliyekuwa anakavuta pembeni kasiingie kwenye kabari alikuwa saa ya kumi na nne kazini, hakuna aliyekuja kumpokea, na aliyetakiwa kumpokea alipelekwa kazi nyingine na msimamizi ili kuokoa muda.

Tulitoa mita 2,100 zote. Kila kibano kikafunguliwa. Siku nne. Kampuni siitaji na sina haja, nataka tu mjue kwamba valvu nzuri kuliko zote duniani iliuliwa pale na zamu moja iliyorefushwa, na kijana yule ndiye aliyeandikiwa barua. Mpaka leo inaniuma sikusema kwa sauti kubwa zaidi kuhusu ile barua.

Uchafu nao. Mafuta ya haidroliki yanachujwa mpaka vumbi usiloliona kwa jicho, maana tundu ni milimita 4 na ndani ya valvu kuna njia nyembamba zaidi ya hapo. Ukiona mtu anafungua kiungo huku upepo wa mchanga unavuma mzuie hata kama ni bosi wako.

Jambo lingine ambalo wanafunzi huwa wanalichanganya, na hata mainjinia nimewasikia. Ndani ya kisima kuna valvu za aina mbili za kuendesha kutoka juu na tabia zake zinapingana. Kuna valvu ya usalama, inakaa juu juu, mita mia chache kutoka uso wa ardhi au sakafu ya bahari, hiyo imeshikiliwa wazi na presha ya haidroliki, presha ikikatika kwa sababu yoyote, moto, meli imegonga, mtu amekata bomba, springi inausukuma mfuniko unafunga. Ikikosa msaada inafunga. Hii yetu ya matabaka ikikosa presha inabaki pale pale ilipokuwa, wazi kama ilikuwa wazi. Kwa hiyo usije ukamwambia mtu kisima kiko salama sababu kina valvu za kisasa chini. Zile ni za kugawa mafuta. Ya kukulinda ni ile nyingine, na inajaribiwa kwa ratiba yake.

Na haziponyi kila ugonjwa. Songo Songo, gesi yetu iliyogunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004, mwaka 2015 visima vya baharini vilibidi kuletewa rigi sababu mabomba ya ndani yameliwa na kutu. Valvu gani ingezuia kutu? Hakuna, bomba limeoza unalitoa. Au kisima kifupi cha nchi kavu chenye tabaka moja na rigi iko kijiji cha pili, mtu akikuuzia mfumo wa milioni ya dola na zaidi mwambie asante kaka, siuhitaji.

Sasa lile linalonikera.

Mnanunua valvu, mnazishusha kwa jasho lile nililowaeleza, alafu hamzigusi. Nimeingia vyumba vya kontroli nikakuta paneli ya kuendeshea valvu imefungwa kufuli, ufunguo haujulikani uko kwa nani, kitabu cha kumbukumbu ukurasa wa mwisho umeandikwa miaka minne iliyopita. Ukiuliza unaambiwa inafanya kazi vizuri kwa nini tuiguse, ikigoma kurudi nani atajibu? Na hofu hiyo naielewa, kijana wa zamu ya usiku hataki kuwa yeye aliyefunga tabaka likagoma kufunguka. Lakini huku chini valvu haijalala bure. Maji ya mwambani yana chokaa na madini mengine, yanapopita kwenye matundu ya valvu presha inashuka na yale madini yanaganda pale, kama ile chokaa ya ndani ya birika la chai la maji ya kisima cha chumvi. Mwaka wa kwanza ni ngozi nyembamba, ukilisogeza shati linakwangua lenyewe. Mwaka wa nne ni jiwe. Siku maji yanaingia kweli, mnakimbilia paneli, mnasukuma presha mpaka mwisho, shati halitikisiki. Mnafanyaje? Mnaita koiltyubingi. Malori yale yale, watu wale wale, na zaidi mmelipia na valvu.

Mimi kwenye kila kisima nilichokabidhi niliandika kwa mkono wangu, isogezwe kila baada ya miezi 3, ifunge mpaka mwisho ifunguke mpaka mwisho, kiandikwe kiasi cha mafuta yaliyorudi. Kazi ya saa chache. Visima ambavyo walifuata bado navisikia, wenzangu wananitumia meseji, ile yako bado inacheza. Vingine sivitaji.

Nawaambia ninyi sababu ninyi ndio mtakaokaa kwenye viti hivyo. Uganda, Ziwa Albert, mradi wa Kingfisher wanachimbia ufukweni visima vinapinda kwenda chini ya ziwa. Mradi wa Tilenga ni visima zaidi ya 400, na pedi 10, yaani viwanja vya kuchimbia, ziko ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Mafuta yake ni ya nta, yanaganda, ndio maana lile bomba la kilomita 1,443 mpaka Chongoleani Tanga linapashwa moto njia nzima. Kila safari ya kuingia kisima cha ndani ya hifadhi ni msafara wa malori unaopita kwenye tembo na twiga. Kwa hiyo mkipata kazi huko, au mkikaa upande wa serikali mnaopitisha mipango ya visima, ulizeni hili swali mapema wakati kisima bado ni mchoro: maji yakija tabaka la chini mtalifungaje, na mtaingia mara ngapi ndani ya miaka 25? Mkishachimba mmechelewa, hizi valvu haziingizwi baadaye kirahisi, zinashuka na bomba.

Kuna kijana ameniandikia swali kwenye karatasi, anauliza uko peke yako usiku kwenye paneli, mlango uko kilomita 3 chini, huuoni, unajuaje umefunga? Swali zuri sana na nitamalizia na hilo.

Nakumbuka mmoja kisima cha matabaka matatu, la chini linaleta maji, kati ya kila mapipa 10 yanayopanda 7 ni maji. Saa nane usiku. Nimeunga pampu kwenye bomba la kufunga, na lile la kufungua nimelielekeza kwenye silinda ya kioo yenye mistari ya mililita, kama ya maabara ya shule. Karatasi ya karakana inasema shati likitembea safari nzima linarudisha mililita 640. Nikaanza kusukuma. Mwanzo hakuna kitu, dakika nzima, dakika ya tano, ya nane, maana kabomba kenyewe kanavimba kidogo na mafuta yanajibana kabla hayajasukuma chochote, na yakiwa ya baridi ni mazito kama asali. Ukiwa mgeni hapo ndipo unapoongeza presha kwa papara ukaharibu. Unasubiri. Alafu likatoka tone. La pili. Alafu uzi mwembamba unashuka kwenye kioo, 100, 200, nikainama na tochi, moyo unadunda sababu likisimama 300 maana yake shati limekwama nusu, na likipita 640 likaendelea maana yake kuna mahali panavuja. 500. 600. Ikapungua ikawa matone, likaning'inia moja, halikuanguka. Nikasoma 635.

Huyo ni shahidi wa kwanza. Wa pili ni geji niliyowaambia mlishike, ile ya chini ya valvu, kwenye kompyuta presha ya tabaka la chini ilianza kupanda, maana limefungiwa, linajaza na halina pa kutokea. Wa tatu alikuja asubuhi, tulipopitisha kisima kwenye tanki la kupimia kati ya mapipa 10 maji yalikuwa 3. Hakuna lori lililowashwa, hakuna waya uliovutwa. Niliandika kwenye kitabu, saa, presha, 635, nikasaini, nikaenda kunywa chai.

Kile kipande changu cha bomba kimefika wapi? Naona kiko safu ya nyuma kule. Naomba kirudi hapa mbele, alafu mwenye swali aje tukae nalo.